Ujerumani na uchi: ya kijiweni na ya kwenye sheria

Ukipiga simu nyumbani kutoka Ujerumani, wakishauliza baridi na bei ya mchele, swali la tatu ni lile lile: eti ni kweli huko watu wanatembea uchi na polisi wanawatazama tu? Nimeulizwa hivyo harusini, nimeulizwa na msibani. Anayeuliza mara nyingi ameshapata jibu lake, anataka nithibitishe tu.

"Huko uchi ni ruhusa popote." Si kweli, ingawa uongo huu una chembe ya ukweli ndani. Katika sheria za jinai za Ujerumani hakuna kifungu kinachosema kwamba kukaa bila nguo tu ni kosa. Sheria inauliza mambo mengine: uko wapi, unafanya nini, na unamkera nani? Ukienda uchi sokoni utakamatiwa kwenye kifungu cha 118 cha sheria ya makosa madogo, kinachohusu tendo lisilo la adabu kabisa linaloweza kuukera umma. Hiyo si jinai. Iko kapu moja na kuegesha gari pasiporuhusiwa. Faini inaanzia euro 5 hadi 1000. Pale Freiburg alikuwepo bwana mmoja aliyeshikilia kwamba kukimbia mazoezi mitaani bila nguo ni uhuru wake. Shauri likapanda hadi mahakama ya juu ya Karlsruhe, na mwaka 2000 majaji wakamwambia alipe. Hoja yao haikuwa kwamba mwili ni mchafu. Walisema wapita njia hawakuchagua kumwona.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo zima: kuchagua. Kwenye milima ya Harz ipo njia ya watembeao uchi iliyofunguliwa mwaka 2010, na mwanzoni mwake kuna kibao kinachokuambia kwamba kama hutaki kuona watu walio uchi, usiendelee mbele. Munich nayo mwaka 2014 ilitenga maeneo sita ya kuota jua bila nguo, moja likiwa ndani ya bustani ya Englischer Garten, karibu kabisa na katikati ya jiji. Ukivuka mpaka wa eneo hilo, unavaa.

"Basi hata wale wanaojionyesha hawaguswi." Wanaguswa, tena hao ndio wa jinai. Kifungu cha 183 kinamhusu mtu anayeonyesha sehemu zake za siri kwa nia ya kujiridhisha kimapenzi na akamsumbua mwingine: kifungo hadi mwaka mmoja, au faini. Cha ajabu, kifungu hicho kinamtaja mwanamume tu. Mwanamke hawezi kushtakiwa kwacho, na wanasheria wenyewe wamekuwa wakibishana juu ya hilo. Ngono ya hadharani ina kifungu chake, 183a, na hicho hakibagui.

"Ni ufuska uliopewa jina zuri." Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sisi tuliokuzwa na methali ya mvuliwa nguo huchutama tunapata shida kuamini kwamba mtu anaweza kuvua nguo asiwe na nia nyingine. Kuvua huku Wajerumani wanakuita FKK, yaani utamaduni wa mwili huru, na ulizaliwa kwenye moshi wa viwanda. Chama cha kwanza kiliundwa Essen mwaka 1898, mji wa makaa ya mawe na chuma, wakati ambapo watu walibanana kwenye nyumba zisizoingiza mwanga na kifua kikuu kiliwamaliza. Waliotaka kuvua walitaka jua, hewa na mazoezi. Hadi leo shirikisho lao ni mwanachama wa shirikisho kuu la michezo la nchi, na ukiwatembelea utawakuta wakicheza voliboli, wengi wao wastaafu. Vyama vyenyewe vinalalamika kwamba vijana hawajiungi.

Ila tahadhari, maana hapa wageni wengi wamejikwaa: ukiona kando ya barabara jengo lenye taa nyekundu limeandikwa "FKK-Club", hilo mara nyingi ni danguro. Wenye madanguro wameazima jina. Wana-FKK wa kweli wanakasirika kuliko wewe.

"Ni mambo ya wakomunisti wa Mashariki." Nusu. Kwanza walikuja Wanazi, na Machi 1933 Göring, kigogo wa Hitler, akatoa amri ya kuupiga vita utamaduni huo kwenye jimbo la Prussia, ingawa baadaye serikali hiyo hiyo iliuruhusu chini ya uangalizi wake. Baada ya vita, serikali ya Ujerumani Mashariki nayo haikuupenda. Mwaka 1954 ilijaribu kuwazuia watu kuoga uchi kwenye pwani ya Baltiki. Watu wakalalamika na kuendelea kuvua, hadi mwaka 1956 ikatoka amri ya kuruhusu sehemu zilizowekewa alama. Kuna kisa kinachosimuliwa sana, wala sikiapii: waziri wa utamaduni, mshairi Johannes R. Becher, alimkuta mwanamke uchi ufukoni Ahrenshoop, akamtukana kwa kumwita nguruwe jike mzee. Kumbe alikuwa mwandishi Anna Seghers. Siku ya kumpa tuzo, Becher akaanza, "Mpendwa wangu Anna," naye akamjibu kwamba kwake yeye abaki kuwa yule nguruwe jike mzee.

"Ukifika lazima uvue." Ufukoni, hapana. Pwani ya Baltiki imegawanywa kwa vibao: huku FKK, huku wa nguo, kule wenye mbwa. Sauna, kile chumba cha joto kali cha kutokea jasho, ni habari nyingine, na huko si serikali inayokulazimisha, ni kanuni za nyumba. Mara yangu ya kwanza niliingia na kaptula ya kuogelea, nikijiona nimejistiri. Bibi mmoja wa makamo ya nyanya yangu, yeye mwenyewe kama alivyozaliwa, akanyoosha kidole kwenye kibao ukutani: kaptula imekatwa mstari mwekundu. Nikavua, moyo unanienda mbio, nikakaa. Akapiga kelele tena! Sikuwa nimetandika taulo. Uchi wangu haukumhusu hata chembe; jasho langu juu ya mbao ndilo lililomuudhi. Kuanzia siku hiyo nabeba mataulo mawili.

Na simu iache kwenye kabati. Kumpiga mtu picha kwenye sauna au chumba cha kubadilishia nguo bila ridhaa yake ni jinai, hadi miaka miwili jela.

Ile habari iliyozunguka mwaka 2023, kwamba Berlin wanawake wanaoga uchi kwenye mabwawa ya umma, ilitiwa chumvi. Mwanamke mmoja alilalamika kwamba wanaume wanaogelea vifua wazi na yeye anakatazwa. Mabwawa yakakubali kwamba kanuni iwe moja kwa wote. Ni kifua tu. Chini wote wanavaa.

Agosti 2020, kwenye ziwa la Teufelssee msituni Berlin, nguruwe mwitu na watoto wake wawili walimwibia mfuko mzee mmoja aliyekuwa akiota jua uchi. Ndani mlikuwa na kompyuta. Mzee akainuka vile vile alivyo, akawakimbiza majanini mbele ya umati, akarudi na mfuko wake, watu wakampigia makofi. Picha zikazunguka dunia nzima. Mjadala uliofuata Berlin ulikuwa mkali: je, nguruwe yule apigwe risasi au aachwe?