Shimo la Kondele ni la nani? Dhana potofu kuhusu kandarasi za barabara na taa za trafiki

Mvua za Aprili zikianza Kisumu, mashimo hufunguka na lawama zote humwangukia gavana. Hasira hiyo ni halali kabisa. Mtu aliyechukua tuktuk kwa mkopo akavunja springi ana haki ya kupiga kelele. Lakini kelele zikienda kwa ofisi isiyohusika, shimo hubaki palepale na anayepaswa kuliziba hulala usingizi.

"Barabara zote za mjini ni za kaunti."

Sivyo. Sheria ya Barabara ya 2007 iliunda mamlaka tatu za kitaifa: KeNHA ya barabara kuu, KURA ya barabara za mijini na KeRRA ya zile za vijijini. Kisha Katiba ya 2010 ikazipa kaunti barabara za kaunti, taa za mitaani, trafiki na maegesho. Kwa hivyo ukitoka katikati ya Kisumu kuelekea Kakamega, ukapitia Kondele hadi Mamboleo, uko kwenye barabara ya KeNHA. Ukikata kona kuingia mitaa ya Manyatta, wa kuulizwa ni mwingine. Nakuru ni vivyo hivyo: jiji lilipata hati yake mwaka 2021, lakini halitangazi zabuni ya barabara kuu ya kwenda Eldoret inayopita mlangoni pake.

Pesa nazo zina njia yake. Kila lita ya petroli au dizeli ina tozo ya matengenezo ya barabara, iliyopandishwa kutoka Sh18 hadi Sh25 mnamo Julai 2024. Tozo hiyo husimamiwa na Bodi ya Barabara ya Kenya. Fungu la kaunti limezua mvutano mkali: wabunge na magavana walifikishana mahakamani kwa sababu ya Sh10.5 bilioni za mwaka wa fedha wa 2024/25. Wakati huo wote mwenye tuktuk alikuwa akilipa kila anapojaza tangi.

"Mwenye bei ya chini kabisa ndiye hupewa kazi."

Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 haisemi hivyo. Kwanza hukaguliwa stakabadhi, ukiwemo usajili wa NCA (Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi) na cheti cha kodi. Kisha huangaliwa mitambo, wahandisi na kazi za awali. Bei hulinganishwa baina ya waliovuka vizingiti hivyo pekee. Asiyeridhika ana siku 14 za kupeleka malalamiko kwa bodi ya mapitio.

Kwa maoni yangu, kazi nyingi huharibika kabla hata zabuni haijatangazwa. Mkandarasi hulipwa kwa kilichoandikwa na kupimwa. Kama aliyeandaa orodha ya vipimo na bei hakutembea barabarani kwa miguu, akaandika viraka bila kuandika kuzibua mitaro, mkandarasi mwaminifu ataweka viraka na kuondoka. Sheria nayo imeweka mpaka: nyongeza zote zikijumlishwa hazipaswi kuzidi asilimia 25 ya bei ya awali.

"Kuziba shimo ni kumwaga lami tu."

Hapa ndipo pesa zetu zinapopotea zaidi. Kiraka cha kweli huanza kwa kukata. Kingo za shimo hukatwa wima, ziwe na pembe kama za sanduku, na tope lote kuchimbwa hadi kwenye tabaka gumu na kavu. Lami nyepesi ya kugandisha hupakwa chini na pembeni, kisha mchanganyiko wa lami na kokoto hujazwa kwa matabaka, kila tabaka likishindiliwa kwa mashine. Ukiona watu wanarusha lami kwa sepetu ndani ya shimo lenye maji, kisha wanaachia matatu zilikanyage, hicho kiraka hakitamaliza msimu.

Adui wenyewe ni maji. Udongo mweusi wa uwanda wa Kano huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na lami iliyo juu yake hufuata. Mtaro uliojaa taka ni mwanzo wa shimo. Uzito nao una yake: ekseli ikibeba mzigo maradufu, madhara kwa barabara hukaribia mara 16. Ndiyo maana mizani ya Gilgil, Webuye na Busia ni sehemu ya matengenezo, ingawa haimwagi hata tone la lami.

"Mkandarasi akishaenda, ameenda."

La. Mikataba mingi ina kipindi cha kurekebisha kasoro, aghalabu miezi 12, na sehemu ya malipo huzuiliwa hadi kiishe. Piga picha, andika tarehe, peleka malalamiko kabla ya hapo.

"Taa za trafiki ukishazifunga, umemaliza."

Taa ni mtambo ulio hai. Baadhi hutambua magari kwa nyaya zilizozikwa ndani ya lami. Siku mkandarasi wa barabara anapokwangua tabaka la juu, nyaya hukatika. Mtambo mara nyingi huchukulia kwamba upande huo una magari daima, ukauwashia kijani hata usipokuwa na kitu. Bodaboda, kwa udogo wa chuma chake, inaweza isitambuliwe kabisa. Zile zinazotambua magari kwa kamera nazo hushika vumbi, na betri za akiba huchoka, stima ikipotea makutano yanabaki giza.

Muda wa kijani pia lazima upangwe upya. Hesabu ya magari ya Jumatano haifai kwa Jumapili ya soko la Kibuye. Kwa hivyo mkataba wa taa usio na fungu la matengenezo ni kasoro tangu mwanzo. Unapaswa kutaja fundi atafika ndani ya saa ngapi, vipuri vitatoka wapi, na nani atashika nywila ya mtambo kampuni ikiondoka.

Haya yote unaweza kuyauliza kwa maandishi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata taarifa, na sheria ya 2016 inaitaka ofisi ikujibu ndani ya siku 21. Omba mkataba, orodha ya vipimo na bei, na tarehe ya mwisho ya kurekebisha kasoro.