Kifungu cha 5 cha NATO hakisemi hivyo

Kila muhula, kabla sijamaliza kueleza mkataba wa NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini, mwanafunzi mmoja ananyoosha mkono: "Mwalimu, si akishambuliwa mmoja basi wote wanaingia vitani?" Nimechoka kujibu kwa mdomo, nikaona niandike.

Dhana: Kifungu cha 5 kinalazimisha vita. Hapana. Kinasema shambulio la silaha dhidi ya mmoja litahesabiwa kuwa dhidi ya wote, na wengi huishia hapo. Someni mbele: kila nchi itamsaidia aliyeshambuliwa kwa hatua itakayoona inahitajika, ikiwemo nguvu za kijeshi. Ikiwemo, si lazima. Kifungu cha 11 kinaongeza kwamba masharti yote yatatekelezwa kwa kufuata taratibu za katiba ya kila nchi. Maseneta Tom Connally na Arthur Vandenberg, wa vyama viwili tofauti, walilisimamia hilo tangu rasimu inaandikwa, maana Seneti ya Marekani isingekubali Kongresi, yaani Bunge zima ambalo Seneti ni sehemu yake, ipokonywe mamlaka ya kutangaza vita. Mjadala ulipofika ukumbini Julai 1949, Seneta Robert Taft alipinga, lakini kilichomkera zaidi ni silaha: aliona mkataba unaifunga Marekani kuizatiti Ulaya Magharibi. Hakuwa anaota. Tarehe 25 Julai, siku ileile Rais Truman aliporidhia mkataba, aliiomba Kongresi fedha za silaha, zaidi ya dola bilioni 1. Mkataba mzima una vifungu 14 tu. Usomeni wenyewe kabla ya kusikiliza mchambuzi yeyote, mimi nikiwemo.

Dhana: Seneti ndiyo huridhia mikataba. Seneti hutoa idhini, kwa theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria. Anayeridhia ni Rais. Mwaka 1949 kura za idhini kwa mkataba wa NATO zilikuwa 82 kwa 13. Wanafunzi wangu huchanganya na Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba yetu ya Tanzania, ambayo kazi ya kuridhia inalipa Bunge.

Dhana: Saini inatosha mkataba kuanza kufanya kazi. Mkataba wa NATO ulitiwa saini 4 Aprili 1949, ukaanza kufanya kazi 24 Agosti. SALT II, mkataba wa kupunguza mbio za silaha za nyuklia, ilisainiwa na Rais Carter wa Marekani na Brezhnev, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, mwaka 1979. Wasovieti wakaivamia Afghanistan, Carter akaiomba Seneti isimamishe mjadala, na haikuridhiwa kamwe.

Dhana: Kifungu cha 5 kimetumika mara nyingi. Mara moja tu, baada ya 11 Septemba 2001, kwa ajili ya Marekani yenyewe. Sehemu ya msaada ilikuwa ndege za rada za NATO kulinda anga la Marekani hadi Mei 2002.