Je, wajua kwa nini maji hukimbia juu ya gari lililopakwa seramiki?

Jumamosi moja asubuhi, pa kuoshea magari kwenye njia ya kwenda Raskazone hapa Tanga, kijana alichota maji kwa kopo akayamwaga juu ya boneti ya Crown nyeusi. Maji hayakutandaa. Yalijikunja papo hapo yakawa shanga, kubwa na ndogo, zikaanza kuserereka kuelekea kwenye bampa, kila moja ikimeza wenzake njiani, mpaka boneti ikabaki kama haijaguswa. Mimi nilikuwa kwenye benchi nikisubiri zamu ya IST yangu, ambayo paa lake limepauka hadi linafanana na sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga.

"Umeipaka nini hiyo?"

"Seramiki hiyo, mjomba. Ni kioo kile. Hata ukipitisha msumari hauingii."

Nikarudi nyumbani na maswali mawili: maji yanakimbia nini, na habari ya msumari ina ukweli gani. La pili jibu lake ni fupi, nalo ni hapana, tutalifikia. La kwanza linaanzia shambani.

Aliyewahi kupita kwenye magimbi baada ya mvua, kule Muheza au juu Amani, anakijua kitu hiki bila kuambiwa. Tone likidondoka kwenye jani la mgimbi halishiki. Linabaki duara kamili, linameta kama zebaki, na ukitikisa jani kidogo linaondoka na vumbi lote lililolikuta njiani. Maji yana tabia ya kupendana yenyewe kwa yenyewe. Kila molekuli inavutwa na jirani zake, na zile za juu kabisa, kwa kuwa hazina jirani upande wa hewa, zinavutwa kuelekea ndani. Ndiyo maana tone likiachwa lenyewe hujiviringa. Likitua juu ya kitu, huwa na mvutano wa pande mbili: wenzake wanalivuta lijikusanye, na kile kitu kinalivuta litandae. Kioo kisafi kinayavuta maji kwa nguvu, kwa hiyo yanatandaa. Nta haina cha kuyavutia, kwa hiyo yanajikunja.

Mwingereza Thomas Young alilieleza jambo hili mwaka 1805 kwa kutazama pembe ambayo tone linaifanya pale linapokutana na kitu. Pembe ikiwa chini ya nyuzi 90, maji yanatandaa. Ikizidi hapo, yanakuwa shanga. Gari lililopakwa seramiki nzuri hufikia kama nyuzi 100 hadi 110. Jani la mgimbi linafika karibu 150, kwa sababu lina nta na pia vinundu vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo vinashika hewa chini ya tone. Gari halina vinundu hivyo. Juu ya kitu laini, hata kemikali bora kuliko zote haivuki nyuzi 120 hivi. Kwa hiyo anayekuahidi gari linalojisafisha lenyewe kama jani, mwulize vinundu ameviweka wapi.

Sasa tuifungue chupa ya hiyo seramiki. Ile chupa inayouzwa kwa ajili ya gari moja mara nyingi ni ya mililita 30. Hivyo ni vijiko viwili vya mezani. Chukulia sehemu yote ya gari dogo yenye rangi ni mita za mraba 10. Ukivitandaza vijiko viwili hivyo kwa usawa juu ya mita 10, unapata utando wa mikroni 3, yaani sehemu tatu kati ya elfu moja za milimita. Na hapo hatujatoa kimiminika kinachopaa hewani wala kile kinachobaki kwenye kitambaa cha fundi. Kinachosalia mwishoni ni mikroni moja au mbili, pengine chini ya hapo. Unywele wako mmoja una unene wa mikroni 50 na kuendelea. Huo ndio "ukuta wa kioo" wenyewe.

Neno kioo, hata hivyo, halikutoka hewani. Ndani ya chupa mna misombo ya silikoni, ile familia ya mchanga na kioo, iliyoyeyushwa ikawa kimiminika. Ikikutana na unyevu wa hewani, molekuli zake zinashikana mikono, silikoni kwa oksijeni kwa silikoni, zikawa wavu mgumu uliojishika kwenye rangi. Hakuna tanuri wala moto wa mfinyanzi. Jina seramiki ni la heshima tu. Kwenye wavu huo vimeachwa vikundi vya kaboni na hidrojeni vinavyotazama nje, na hivyo ndivyo vinavyoyakataa maji. Bila hivyo silika tupu ingeyapenda maji kama dirisha linavyoyapenda.

Hapo ndipo tofauti na nta ilipo. Nta ya kanauba, itokayo kwenye majani ya aina ya mtende wa Brazili, inakaa juu ya rangi kama samli juu ya chapati. Inayeyuka kwenye nyuzi joto 80 na kitu, na boneti nyeusi iliyoachwa juani saa saba mchana haiko mbali sana na hapo. Ukiosha mara kadhaa kwa sabuni kali, imekwenda. Seramiki imejifunga kwa kemia, kwa hiyo sabuni haiing'oi, na ikitunzwa inahesabiwa kwa miaka badala ya wiki.

Lakini kwa nini gari lipakwe kitu juu ya rangi ambayo tayari ni kitu kilichopakwa? Kwa sababu rangi ya gari ni tabaka. Juu ya bati kuna praima, juu ya praima kuna rangi yenyewe, na juu ya rangi kuna ile inayong'aa bila rangi, ambayo mafundi wanaiita klia. Zote kwa pamoja hazizidi sana mikroni 100 hadi 150, na klia peke yake ni kama 35 hadi 50. Klia ndiyo inayopigwa na jua. Mwanga wa urujuanimno, ule wa jua usioonekana kwa macho, unakata minyororo ya plastiki yake, na kiwandani waliichanganya na dawa za kuunyonya mwanga huo, lakini dawa hizo huchoka. Tanga iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri linasimama utosini kabisa. Ndiyo maana hapa gari huanza kufa paa na boneti, huku milango ikiwa bado mizima. Tazama paa la IST yangu.

Na watu wa pwani hawakuanza leo kupaka kitu juu ya kitu. Vyombo vya baharini vilipakwa sifa, mafuta ya papa, sehemu ya juu ya maji, na chini vikapakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa. Harufu yake haielezeki. Hakuna nahodha aliyedhani deheni inakaa milele: chombo kiliegeshwa pwani, maji yakapwa, kikakwanguliwa na kupakwa upya, halafu safari ikaendelea. Deheni iliwekwa iliwe na chumvi na wadudu ili mbao isiliwe. Seramiki nayo ni hivyo hivyo. Iko pale iharibike yenyewe kwanza. Kinachonikera ni vile inavyouzwa kama hirizi.

Turudi kwenye msumari. Utaona kwenye maboksi imeandikwa 9H, na muuzaji atakuambia huo ni ugumu unaokaribia almasi. Sivyo. H hiyo ni ya penseli. Ni kipimo cha kusukuma penseli za ugumu tofauti juu ya rangi, na 9H ndiyo penseli ngumu kuliko zote kwenye seti. Maana yake ni kwamba penseli haikuacha mkwaruzo. Msumari si penseli, na mchanga si penseli pia. Mchanga wa kawaida una kwarzi, na kwarzi inakwaruza hata kioo cha dirisha. Sponji iliyoanguka chini ikarudishwa kwenye mlango bila kusuuzwa itachora seramiki ya bei yoyote. Jiwe linalorushwa na tairi la lori kwenye barabara ya Segera litapita kwenye ile mikroni moja bila kujua kama kulikuwa na kitu. Anayeogopa mawe atafute filamu ya plastiki ya kubandika, ambayo unene wake ni mikroni 150 na zaidi. Hiyo ni biashara nyingine na bei nyingine.

Basi inasaidia nini? Uchafu haushiki sana. Kinyesi cha kunguru, kwa mfano, kina tindikali, na kikikaukia juani klia inalainika kwa joto kisha inakaza ikifuata umbo lake, na unabaki na alama kama kovu la ndui. Seramiki inakupa muda zaidi kabla kovu halijatokea. Muda huo ni wa kukimbilia kitambaa na maji, na ukiupoteza kovu linakuja vilevile. Utomvu wa mwembe, vumbi la chokaa, wadudu wa safari ya usiku, vyote vinatoka kwa kusuguliwa kidogo, na kadiri unavyosugua kidogo ndivyo unavyochora kidogo. Kwa maoni yangu faida kubwa ndiyo hiyo, ingawa haipendezi kwenye video kama shanga za maji.

Na shanga hizo zina hila yake. Nilijifunza kabla hata sijaijua seramiki, nilipompigia nta mama mdogo wangu gari lake jipya, la rangi ya samawati nzito. Niliridhika, nikaliosha saa sita mchana kwa maji ya kisima cha uani, nikaingia ndani kula. Niliporudi, gari lilikuwa na madoadoa meupe, mamia yake, kila moja duara kamili kama limechorwa kwa bikari. Ardhi ya upande wetu ina mawe ya chokaa, ndiyo hayo hayo yaliyochimbwa na maji yakawa mapango ya Amboni, na maji ya kisima yanapanda na chokaa yake. Yakitandaa na kukauka, chokaa inasambaa, huioni sana. Yakiwa shanga, tone zima linakauka kuelekea katikati na kuacha mzigo wake wote mahali pamoja. Kadiri tone lilivyo zuri ndivyo doa lilivyo kali. Siki iliyozimuliwa kwa maji iliyatoa mengi, kisha nikasuuza sana. Machache yalikuwa yameshakula nta na kuanza klia. Mama mdogo hakusema kitu. Alinipa tu kitambaa.

Kwa hiyo mwenye seramiki Tanga ana kazi moja ambayo wengine wanaweza kuipuuza: akiosha, akaushe. Kivulini, kwa taulo ya maikrofaiba, kabla jua halijafanya kazi hiyo. Mvua ya masika yenyewe haina chokaa, lakini inaloanisha vumbi lililokuwa juu ya gari, na jua likitoka baada ya dakika kumi shanga zinakauka na matope yake. Juu ya paa, ambako ni tambarare, hazikimbii popote mpaka gari liende.

Unyevu wetu una habari yake pia. Nimesema dawa hii hukomaa kwa unyevu wa hewani. Fundi hupaka sehemu ndogo, anasubiri dakika moja au mbili mpaka ianze kuonyesha rangi kama za mafuta juu ya dimbwi, kisha anafuta. Kwenye joto na unyevu wa pwani hatua hiyo inakuja haraka kuliko maelekezo ya boksi, yaliyoandikwa kwa hewa ya huko kwao. Akichelewa, inakaza na mabaka meusi ambayo hayatoki kwa kufutwa. Yanatolewa kwa polishi na mashine, yaani kazi inaanza upya. Fundi mzuri utamjua kwa hili: anapaka nusu ya boneti tu kwa wakati mmoja, alfajiri au ndani ya gereji iliyofungwa, na hapokei simu. Na gari likitoka kwake halioshwi kwa siku kadhaa, mara nyingi wiki nzima.

Kabla ya kupaka kuna kazi kubwa zaidi, na hapo ndipo pesa inapokwenda. Seramiki haifichi kitu. Inafungia ndani kile ilichokikuta. Mikwaruzo ile ya mviringo kama utando wa buibui, unayoiona taa ikimulika, inabidi iondolewe kwanza kwa mashine ya polishi, na polishi inaiondoa kwa kupunguza klia. Magari yetu mengi ni ya mtumba kutoka Japani, na huwezi kujua kwa macho yameshapigwa polishi mara ngapi kabla ya kupanda meli. Klia ikiwa imeshababuka, hakuna cha kupaka.

Ndivyo nilivyoambiwa mimi. Zamu ya IST ilipofika, yule kijana alipitisha kidole juu ya paa, akanionyesha unga mweupe uliobaki kwenye ncha yake.

"Mjomba, hapa nikikupaka nitakuwa nakuibia. Ipulizwe klia kwanza."

Nikamwuliza kuhusu chumvi, maana nalala upande wa bahari. Akainama akanionyesha chini, kwenye kona za chasisi na kingo za milango, ambako kutu ilikuwa imeanza kuvimba. Chumvi inanyonya unyevu na kuishi na bati kwenye nyufa, na huko chupa ya vijiko viwili haifiki. Huko kunahitaji pampu ya maji safi, mara kwa mara, na mtu wa kulala chali juu ya boksi. Akalitandaza boksi, akaingia chini.