Mafunzo ya tiba ya upumuaji: uzito wake uko wapi

Vijana wanaoniandikia wakitaka kuingia kwenye kazi hii huuliza maswali yale yale: inachukua miaka mingapi, hesabu ni nyingi kiasi gani, na je, mashine za kupumulia ni ngumu kujifunza? Naanza na la mashine, kwa sababu ndilo linalowapotosha wengi. Mashine si ngumu. Mwanafunzi mwenye bidii huzoea vitufe na skrini ya mashine moja ndani ya muda mfupi, na akihamia ya kampuni nyingine anakuta mambo ni yale yale, yamepewa majina tofauti tu. Kinachochukua miaka ni kujua kwa nini mgonjwa huyu aliye mbele yako anashindwa kupumua. Chuo kizuri hujenga mafunzo yote juu ya swali hilo.

Kazi yenyewe ni pana kuliko watu wanavyodhani. Sisi ndio tunaoitwa mtoto mwenye pumu anapofikishwa dharura midomo imebadilika rangi. Tunawaweka wagonjwa mahututi kwenye mashine na tunawatoa, tunafyonza makohozi, tunahudumia watoto njiti ambao mapafu yao hayajakomaa, tunapima uwezo wa mapafu, na tunakaa na mzee mwenye inhela mkononi kumwonyesha namna ya kuvuta dawa ifike kifuani badala ya kuishia mdomoni. Hilo la inhela wanafunzi hulidharau. Mimi nalipa uzito mkubwa, maana dawa isiyofika kwenye mapafu ni sawa na dawa ambayo haikuandikwa.

Si kila nchi ina kazi hii kwa jina lake. Marekani iliipa umbo mapema: chama cha kwanza cha wataalamu hawa kilianzishwa Chicago mwaka 1947, enzi ambazo kazi ilikuwa hasa kupeleka mitungi ya oksijeni wodini na kuihudumia. Canada, Ufilipino na Saudi Arabia nazo zina wataalamu wa tiba ya upumuaji. Uingereza, majukumu hayo yamegawanywa zaidi kati ya madaktari, wauguzi na wafiziotherapia. Kwa hiyo kabla ya kulipa ada popote, uliza kama mahali unapotaka kufanyia kazi kuna sheria na leseni inayokutambua.

Kwa Marekani, njia iko wazi. Kiwango cha chini ni shahada ya awali ya chuo (associate degree), ambayo kwa kawaida ni ya miaka miwili, ingawa waajiri wengi sasa wanapenda mwenye shahada kamili. Programu lazima iwe na ithibati. Baada ya hapo kuna mitihani ya kitaifa inayokupa cheti cha ngazi mbili, CRT (Certified Respiratory Therapist) na cha juu yake RRT (Registered Respiratory Therapist), kisha leseni ya jimbo, ambayo inadaiwa katika majimbo yote isipokuwa Alaska. California haitoi leseni mpya kwa mwenye CRT peke yake. Ushauri wangu ni mfupi: lenga RRT tangu siku ya kwanza.

Sasa tuingie kwenye uzito wenyewe. Kila kundi jipya la wanafunzi ninalikabidhi wagonjwa wawili wa karatasi. Vipimo ni vya gesi za damu: pH, ambayo hushuka asidi ikizidi; kabonidayoksaidi, hewa chafu tunayoitoa kwa kupumua, ambayo huongeza asidi; na baikaboneti, ambayo huipunguza. Majibu ya wa kwanza ni pH 7.24, kabonidayoksaidi 68, baikaboneti 28. Ya wa pili ni pH 7.36, kabonidayoksaidi 62, baikaboneti 34. Kwa mtu mzima mwenye afya, pH huwa kati ya 7.35 na 7.45, kabonidayoksaidi kati ya milimita 35 na 45 za zebaki, na baikaboneti kati ya 22 na 26. Nawauliza: yupi unamkimbilia?

Wengi hutazama 68 na 62, wakasema hali zao zinakaribiana. Hazikaribiani hata kidogo. Wa pili ameishi na kabonidayoksaidi nyingi kwa muda mrefu, pengine ana ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, na figo zake zimepata nafasi ya kubakiza baikaboneti hadi damu ikarudi karibu na kawaida. Unaweza kumkuta ameketi anasoma gazeti. Kwake tahadhari ni oksijeni: tunalenga kiwango cha oksijeni kwenye damu cha asilimia 88 hadi 92, kwa sababu ukimmiminia kupita hapo kabonidayoksaidi inaweza kupanda zaidi. Wa kwanza amechoka leo hii. Figo zinahitaji siku kadhaa kusawazisha damu, na yeye hana siku kadhaa. Huyo ndiye wa kukimbilia, na huenda akahitaji kusaidiwa kupumua kwa barakoa ya shinikizo au kwa mashine.

Hapa ndipo ninapowaeleza habari ya Copenhagen, Denmark, mwaka 1952. Polio ilikuwa imelipuka, na wagonjwa waliopooza misuli ya kupumua walikuwa wakifa hospitali ya Blegdam huku vipimo vikionyesha baikaboneti nyingi kwenye damu. Madaktari walidhani ni tatizo la damu kukosa asidi. Bjørn Ibsen, mtaalamu wa nusukaputi, aliona kinyume chake: kabonidayoksaidi ilikuwa imejaa mwilini kwa sababu wagonjwa hawapumui vya kutosha, na baikaboneti ilipanda kwa kuifuata. Tarehe 27 Agosti alimpumulisha kwa mfuko wa mkono msichana wa miaka 12 aliyekuwa anakata roho, kupitia tundu lililotobolewa kooni, na msichana akaokoka. Kisha wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana zamu, usiku na mchana, kukamua mifuko hiyo kwa mikono yao. Vifo vilipungua sana. Wagonjwa walikuwa wale wale na vipimo vilikuwa vile vile. Kilichobadilika ni jinsi namba zilivyosomwa. Mwanafunzi akielewa kisa hicho barabara, sura nzima ya gesi za damu inamfungukia.

Namba pekee hazitoshi, na ndiyo maana mafunzo kwa vitendo wodini ni nusu ya maisha ya mwanafunzi. Nawataka wasimame miguuni pa kitanda kabla hawajagusa chochote. Hesabu pumzi kwa dakika nzima, si sekunde 15 ukazidisha kwa nne. Tazama misuli ya shingo kama inavutika. Tazama nafasi kati ya mbavu kama zinabonyea kila anapovuta hewa. Msikilize anavyozungumza: anamaliza sentensi au anakatia maneno mawili mawili? Ndipo uweke stetoskopu. Kwa mgonjwa wa pumu kali, mlio kama wa filimbi kifuani unatisha, lakini unaotisha zaidi ni ukimya. Mlio ukitoweka na mgonjwa bado anahangaika, ina maana hewa haipiti tena kiasi cha kutoa sauti. Mwanafunzi asiyefundishwa ataandika kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Vivyo hivyo kabonidayoksaidi yake: aliyekuwa anapumua harakaharaka alipaswa kuwa na ya chini, kwa hiyo ikionekana ya kawaida ujue nguvu zinamwishia.

Nimesema mashine si ngumu, lakini kuiweka vibaya kunaua. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliohusisha wagonjwa 861 wenye jeraha kali la mapafu. Kundi moja lilipewa pumzi kubwa za mililita 12 kwa kila kilo, lingine pumzi ndogo za mililita 6. Vifo vilikuwa asilimia 39.8 kwa kundi la kwanza na asilimia 31.0 kwa la pili. Pafu lililojeruhiwa huumia likitanuliwa kupita kiasi, hata kama oksijeni kwenye skrini inapendeza.

Na kilo hizo si za mizani. Mapafu hayanenepi mtu akinenepa. Ukubwa wake hufuata urefu. Ndiyo maana mwanafunzi wangu huenda kitandani na futi ya kupimia. Kwa mwanamume unachukua urefu wa sentimita, unatoa 152.4, unazidisha kwa 0.91, unajumlisha 50. Kwa mwanamke unajumlisha 45.5. Mwanamume wa sentimita 170 anapata kilo 66, kwa hiyo pumzi yake ni kama mililita 396. Kama kwenye mizani ana kilo 110 na mtu akatumia hizo, atampa mililita 660. Tofauti hiyo inaingia kifuani mwake kila pumzi, saa nzima, siku nzima. Kwa hiyo, kwa anayeuliza kuhusu hesabu: ni kutoa, kuzidisha na kugawanya. Ugumu ni kuzifanya kwa usahihi saa tisa usiku huku kengele zinalia.

Kumtoa mgonjwa kwenye mashine nako kuna somo lake. Kuna kipimo chepesi kinachotumika tangu mwaka 1991: gawanya idadi ya pumzi kwa dakika kwa ujazo wa pumzi moja katika lita. Anayepumua mara 20 kwa pumzi za lita 0.4 ana 50, na hiyo inatia moyo. Anayepumua mara 30 kwa lita 0.25 ana 120, amepita kikomo cha 105, bado anahangaika. Hata hivyo mimi huangalia pia kama ana nguvu ya kukohoa. Mgonjwa asiyeweza kutoa makohozi yake mwenyewe anaweza kufaulu kipimo asubuhi na kurudi kwenye mashine jioni.

Kuna jambo ambalo vyuo vingi hulipitia juujuu, nalo linaniuma. Mara nyingine tunaondoa mashine si kwa sababu mgonjwa amepona, bali kwa sababu familia na madaktari wamekubaliana kwamba matibabu hayamsaidii tena. Mkono unaoondoa bomba mara nyingi ni wetu. Mwanafunzi anapaswa kufundishwa mapema namna ya kuhakikisha dawa za kumtuliza zimetangulia, kunyamazisha kengele, kusogeza vifaa ili ndugu wakaribie, na kumwambia mama aliyesimama pale kwamba pumzi za mkoromo atakazozisikia huenda zinamtisha yeye kuliko zinavyomsumbua mgonjwa. Kumwachia kijana akutane na hilo kwa mara ya kwanza akiwa peke yake kwenye zamu ni ukatili kwake na kwa familia.

Kwa hiyo ukienda kuchagua chuo, usishangae jengo wala wingi wa mashine kwenye maabara. Uliza wanafunzi wanapelekwa hospitali zipi, kama watapita wodi ya watoto wachanga na siyo ya watu wazima tu, kila msimamizi anashika wanafunzi wangapi kwa wakati mmoja, na waliomaliza wanafaulu mitihani kwa kiwango gani. Halafu omba kuzungumza na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, msimamizi akiwa hayupo.