Kitabu cha ujana wa Snow: tunayoyasema na yaliyomo

Mfululizo wa The Hunger Games wa Suzanne Collins, riwaya za nchi ya kubuni ya Panem ambako mji mkuu, Capitol, huwalazimisha vijana wa wilaya zake kuuana katika Michezo ya kila mwaka, una wapenzi wake Dar es Salaam, hasa vijana wa vyuo. Nakala moja huazimwa kutoka Mlimani hadi Mbagala mpaka jalada linachanika, na wengine wanausomea kwenye simu wakiwa wamesimama ndani ya mwendokasi. Lakini ukitaja The Ballad of Songbirds and Snakes, kitangulizi cha 2020 kinachorudi nyuma miaka 64 kabla ya Katniss, msichana shujaa wa vitabu vya mwanzo, na kusimulia ujana wa Snow, rais wa Panem na adui yake, utasikia maneno yaleyale kila mahali. Mengine ni suala la ladha, nayo nayaacha. Mengine si kweli, na yamewafanya watu wakipite kitabu ambacho mimi nakiona bora kuliko chochote kingine alichoandika Collins. Ambaye hajamaliza vitabu vitatu vya mwanzo ajue kwamba nitagusa siri zake.

"Tunajua Snow ataishia wapi, sasa tusome nini?"

Hili ndilo linalosemwa zaidi, na linashangaza likitoka kwa Waswahili. Nani katika pwani hii hajui Fumo Liyongo aliuawa vipi? Mwanawe wa kumzaa alimchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Tunajua, na bado utenzi wa Muhamadi Kijumwa wa 1913 unasomwa na watu wanatulia kusikiliza, maana wanachokitaka ni kuona mtoto alifikaje hapo: aliahidiwa nini, alisitasita wapi, baba alikuwa amemwamini kiasi gani.

Collins anafanya kazi ya namna hiyo. Coriolanus Snow ana miaka 18, na kila mara anapofika njia panda sisi tunajua atakata kona ipi, ila hatujui atajiambia nini ili aweze kuikata. Wasiwasi wa kitabu uko hapo. Tena kuna mambo ambayo hata mwisho tunaoujua hautuambii: Lucy Gray Baird, binti wa Wilaya ya 12 aliyekabidhiwa kwa Snow kama mshauri wake, hatajwi popote katika vitabu vya mwanzo. Msomaji hana namna ya kujua yatakayompata.

"Kitabu kinamsafisha Snow, kinataka tumwonee huruma"

Hasira hizi zilianza kabla kitabu hakijatoka. Januari 2020 sura ya mwanzo ilipoonyeshwa na wasomaji wakagundua mhusika mkuu ni nani, wengi walilalamika mtandaoni. Kitabu chenyewe kilitoka Mei. Hukumu nyingi tunazozirudia hapa Dar ni za ile miezi minne, wakati hakuna aliyekuwa amesoma zaidi ya kipande.

Mlango wa kwanza, kweli, unamvuta msomaji. Snow anachemsha kabichi jikoni na kuapa kwamba siku moja haitapita tena kinywani mwake. Nyumba yao ni ya kifahari lakini pesa zimekwisha. Utajiri wa familia ulikuwa Wilaya ya 13, na umepotea na vita. Binamu yake Tigris anaikarabati shati kuukuu ya marehemu baba yake Snow, na vifungo anavitengeneza kwa vipande vya vigae alivyovitoa kwenye bafu la mtumishi. Yeyote aliyewahi kwenda kwenye usaili na shati la kuazima ataelewa ule uangalifu wa kijana anayehakikisha hakuna atakayeona umaskini wake.

Halafu angalia huruma hiyo inatumiwaje. Snow anamsaidia Lucy Gray, na wakati huohuo moyoni anamhesabu kuwa mali yake. Anaingiza leso yenye harufu ya binti huyo kwenye tangi la nyoka ili wamzoee wasimdhuru, na tunashangilia pamoja naye. Baadaye Sejanus Plinth, rafiki anayemwita ndugu, anamfungulia moyo. Snow ananasa maneno hayo kwa ndege wa maabara na kuyapeleka makao makuu, na Sejanus ananyongwa. Mama yake Sejanus alikuwa akiwatumia vijana hao vyakula vya nyumbani. Mwishoni Snow anakula matunda ya usaliti huo bila kukosa usingizi.

Namna ya usimulizi nayo ina jambo lake. Katniss anatusimulia mwenyewe, kwa "mimi". Snow hapewi "mimi". Tunaingia kichwani mwake, tunasikia kila kisingizio, lakini sauti inabaki ya msimulizi wa nje, na ule umbali mdogo unamnyima nafasi ya kujitetea mbele yetu. Mwandishi anayetaka kumsafisha mtu angempa kipaza sauti. Naliona hili kuwa ndilo jambo la ustadi mkubwa kuliko yote katika riwaya hii, na nasikitika kwamba halizungumzwi.

"Hii si riwaya ya kisayansi, ni watoto wanauana tu"

Wanaosema hivi wanatafuta vyombo vya angani. Sayansi ya Panem iko maabara: jabberjay ni ndege dume waliotengenezwa kunasa na kurudia maneno ya waasi, walipotelekezwa porini wakazaana na ndege wa kawaida, wakatokea mockingjay ambao hakuna aliyewapanga. Katika kitabu hiki tunamkuta Dakta Gaul, mwanasayansi anayefuga nyoka waliobadilishwa kimaumbile wamng'ate yeyote wasiyemjua harufu. Swali lake kwa Snow ni la kifalsafa kabisa: binadamu akiachwa bila sheria huwa nani? Ndiyo maana kurasa za mbele zina dondoo za Hobbes, Locke na Rousseau.

Na kuna anayedhani Michezo ilikuwa na fahari tangu mwanzo. Ile ya 10 inafanyika kwenye uwanja uliobomoka, vijana wanafungiwa kwenye kizimba cha nyani bila chakula, na wakazi wa Capitol wenyewe hawana hamu ya kutazama. Kubeti na kuwatumia washiriki chakula vinaanzia hapa, kwa mapendekezo yenye jina la Snow.

"Vitangulizi ni vya kuchuma pesa"

Pesa zipo, wala tusidanganyane. Vitabu vitatu vya mwanzo vilitoka 2008, 2009 na 2010 na vikawa mali kubwa kwa mchapishaji. Lakini Collins alikaa miaka 10 bila kuurudia ulimwengu ule. Anayekimbilia pesa hupiga chuma kingali moto.

Tena vitangulizi havifanani. Isaac Asimov, mwandishi wa riwaya za kisayansi, aliandika kitangulizi Prelude to Foundation mwaka 1988, zaidi ya miongo minne baada ya kuanza hadithi zake za Foundation, na Forward the Foundation aliifanyia kazi akiwa mgonjwa. Ilichapishwa 1993, yeye akiwa amefariki 1992. Dune ni habari nyingine: mwandishi wake, Frank Herbert, alifariki 1986, na kitangulizi House Atreides cha 1999 imeandikwa na mwanawe Brian pamoja na Kevin J. Anderson. Mtu akisema "vitangulizi vya Dune vimenichosha", hajasema lolote kuhusu Collins.

"Nimeona filamu, inatosha"

Haitoshi. Filamu ya 2023 ni nzuri na nyimbo zake zinaimbika, lakini kamera inamwona Snow kwa nje. Zile hesabu zake za kimyakimya, ambazo ndizo kitabu, zinabaki kuwa uso wa kijana mzuri. Wengi waliotoka ukumbini wakimwonea huruma hawakusikia alichokuwa akikiwaza.

Lalamiko moja la wasomaji nalikubali. Sehemu ya tatu, Snow akiwa askari Wilaya ya 12, inaenda taratibu, nyimbo zinarundikana, kisha mwisho unakuja kwa haraka mno.

"Kwa kuwa kinatangulia, uanze nacho"

Hapa Dar mpangilio mara nyingi huamuliwa na muuza vitabu vya mitumba. Unapita Posta, unakuta kitabu cha tatu leo na cha kwanza baada ya miezi, unanunua kilichopo. Kununua sawa. Kusoma, subiri.

Katika Mockingjay, kitabu cha tatu, Tigris ni mwanamke mwenye duka aliyejibadilisha sura kama chui milia, anayewaficha Katniss na wenzake. Katniss anamwambia anakwenda kumuua Snow, naye anatabasamu. Hatuambiwi kwa nini. Ukifika kwenye kitangulizi ukiwa na tabasamu lile kichwani, kila shati analomshonea binamu yake linauma. Ukianza na kitangulizi, Tigris ni dada mwema tu, na wimbo wa mti wa kunyongea, ule anaouimba Katniss katika Mockingjay, ni wimbo mmoja kati ya mingi.

Watu hunitajia Asimov, kwamba mwenyewe mbele ya Prelude alivipanga vitabu vyake kwa mfuatano wa matukio. Ni kweli alivipanga. Lakini siri ya mwisho wa Prelude inamgusa tu aliyekwisha kusoma vitabu vyake vya roboti.

Kwa hiyo fuata miaka ya kuchapishwa: vitatu vya mwanzo, kisha Ballad ya 2020, kisha Sunrise on the Reaping ya 2025, inayosimulia Michezo ya 50 ambamo Haymitch, mshauri wa Katniss, aliingia na wenzake 47. Ukikikuta hicho cha mwisho mezani Posta kwa bei ya kuelewana, kichukue ukiweke kabatini, halafu ulizia cha kwanza.