Je, wajua? Siri ya vita ilikaaje kijijini?

Kijijini kwetu Pemba, mwanamume akionekana anarudi alfajiri na miguu ya tope, jua halijapanda barazani washaamua: ama ana mke wa pili, ama anavusha karafuu za magendo. Sasa tazama Uingereza ya vita vya pili vya dunia. Wanaume wapatao 3,500, wengi wao wa vijijini, walikuwa wakitoka usiku na wake zao hawajui waendako.

Ilianza mwaka 1940. Ufaransa ilishaanguka, na Waingereza waliona zamu yao imefika. Kanali Colin Gubbins akapewa kazi ya kuunda vikundi vya kuwahujumu Wajerumani kutoka nyuma iwapo wangeshuka pwani. Vikaitwa Vikosi Saidizi, jina la kupooza makusudi, utadhani kazi yao kubeba masanduku.

Walioandikishwa ni wakulima, walinzi wa misitu, na (hapa huwa nacheka) hata majangili wa sungura na ndege. Mpemba hashangai. Kichochoro cha bondeni ambacho doria haikijui, mwulize mchukuzi wa magendo.

Kila kikundi, watu 4 hadi 8, kilikuwa na shimo lake msituni. Aliyewahi kushuka kile chumba cha Mangapwani, kule Unguja, kilichochongwa ndani ya jiwe kufichia watumwa baada ya biashara kupigwa marufuku 1873, anajua mtu anavyoweza kupita juu asitambue kitu. Mashimo ya Waingereza yalikuwa na vitanda, mlango uliofunikwa udongo na majani, mara nyingi na njia ya pili ya kutorokea. Chakula kiliwekwa cha wiki 2 hivi, maana hakuna aliyetarajia wangeishi zaidi ya hapo. Adui akija, jifukie, mwache apite juu ya kichwa chako, kisha toka usiku ulipue maghala ya mafuta na reli.

Na midomo? Walitia saini sheria ya siri za serikali, lakini karatasi haijawahi kumnyamazisha mtu. Kilichowaficha ni mgambo. Vijiji vilijaa mgambo wa kujitolea, basi akiulizwa alikuwa wapi, anajibu alikuwa zamu. Kwetu angesema anakwenda dago, kambi ya wavuvi ya mbali, na nani atamfuata mvuvi dago? Tena kikundi hakikujulishwa habari za kikundi jirani, kwa hiyo ukikamatwa huna wa kumtaja.

Hata waliokwenda kufundishwa kwenye jumba la Coleshill hawakuelekezwa huko. Waliambiwa wafike posta ya mji mdogo wa Highworth, wamuulizie Bibi Mabel Stranks. Bibi anawakagua, anaingia ndani kupiga simu, kisha gari linakuja kuwachukua. Ofisi nzima ya siri, na mlinzi wake muuza stempu!

Wajerumani hawakuja. Novemba 1944 vikosi vikavunjwa, na wengi walizikwa huku wake zao wakiamini kwamba marehemu alikuwa mgambo tu.