"Hii umeitoa NASA": dhana potofu kuhusu kupiga picha Mwezi na sayari

Kila nikimwonyesha mtu picha ya sayari ya Mshtarii (Jupiter) niliyoipiga uani kwetu Tanga, jibu la kwanza huwa lilelile: "Hii umeitoa NASA." Hasemi kwa ubaya. Ameona mikanda miwili ya hudhurungi, ameona doa jekundu pembeni, na hawezi kuamini kwamba kitu cha namna hiyo kimetoka kwenye bomba lenye upana wa sahani ya wali, lililosimama jirani na kamba ya kuanikia nguo. Kimetoka humohumo. Na wengi wanaotamani kujaribu hukwama kwa sababu ya mambo waliyoaminishwa kabla hawajagusa darubini.

Tuanze na hiyo NASA yenyewe, shirika la anga la Marekani. Tarehe 19 Julai 2009, Anthony Wesley, mpenzi wa anga wa Australia, alikuwa nyumbani kwake Murrumbateman akirekodi Mshtarii kwa darubini yenye kioo cha sentimita 37. Akaona alama nyeusi karibu na ncha ya kusini ya sayari, mahali ambapo hapakuwa na kitu siku mbili nyuma. Lilikuwa kovu la kitu kilichoigonga sayari. Yeye ndiye aliyetoa taarifa, na darubini ya NASA iliyoko Hawaii ikaelekezwa huko kuthibitisha.

"Darubini bora ni ile inayokuza mara nyingi zaidi"

Dhana hii imewatia watu hasara kuliko zote. Kwenye boksi la darubini ya bei nafuu utakuta maandishi makubwa: inakuza mara 525, mara 675. Kihesabu nambari hiyo inawezekana, maana ukuzaji ni urefu wa fokasi ya darubini (umbali kutoka kioo au lenzi hadi mwanga unapokutana) ukigawanywa kwa urefu wa fokasi ya lenzi ya jicho, ile unayochungulia. Weka lenzi ndogo ya kutosha, ongeza ya Barlow, ile ya kuzidisha ukuzaji, utafika nambari yoyote uitakayo. Utakachokiona humo ni ukungu mkubwa unaotikisika.

Kinachoamua undani wa picha ni kipenyo cha kioo au lenzi ya mbele. Wazoefu huhesabu mara 2 kwa kila milimita ya kipenyo: darubini ya milimita 76 inakomea mara 150 hivi, ya milimita 150 inafika 300, tena hewa ikiruhusu.

Sababu yake iko kwenye pembe. Mwezi unachukua kama nusu ya nyuzi moja angani. Nyuzi moja ina dakika 60, dakika moja ina sekunde 60; hizi ni za pembe, si za saa. Mshtarii ukiwa karibu nasi una upana wa sekunde 45 hadi 50 tu, kwa hiyo ungehitaji Mshtarii kama 40 zilizopangwa mstari ili kuvuka uso wa Mwezi. Kioo cha milimita 114 kinaweza kutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa sekunde 1. Cha milimita 200 kinashuka hadi karibu 0.6. Chini ya hapo hakuna lenzi ya jicho itakayokusaidia, kwa sababu undani wenyewe haukuingia kwenye darubini.

Hesabu hiyohiyo inajibu swali ninaloulizwa na watoto wa mtaani kila wakija kuchungulia: bendera ya Wamarekani iko wapi? Kwa umbali wa kilomita 384,400, sekunde 0.6 ni sawa na zaidi kidogo ya kilomita 1 juu ya uso wa Mwezi. Kwa kioo cha milimita 200 utaona kreta (shimo kubwa la mviringo) ya Copernicus yenye upana wa kilomita 93, na ndani yake vilima vya katikati na kingo zilizoporomoka kama ngazi. Bendera ndefu kuliko mtu kidogo tu huwezi kuiona. Mahali walipotua wanaanga wa Apollo pamepigwa picha na chombo cha LRO, ambacho kimekuwa kikiuzunguka Mwezi wenyewe kwa ukaribu tangu 2009.

"Ni usiku, kwa hiyo kamera iachwe wazi muda mrefu"

John William Draper alipoupiga Mwezi picha huko New York mwaka 1840, kwa bamba la fedha la enzi hizo, ilibidi asubiri dakika nyingi. Sisi hatuna sababu hiyo. Mwezi unaouona usiku ni mwamba uliosimama kwenye jua la mchana. Unaakisi asilimia 12 hivi ya mwanga unaoupiga, kama lami iliyochakaa. Upige basi kama unavyopiga barabara saa sita mchana: kwenye darubini ya f/10 (urefu wa fokasi ni mara 10 ya kipenyo), kamera ikiwa ISO 100, yaani wepesi mdogo wa kunasa mwanga, Mwezi mpevu unatosheka na sehemu moja ya mia ya sekunde.

Simu haijui hilo. Inaona giza kubwa limezunguka duara dogo, inaongeza mwanga, na Mwezi unatoka kama taa ya gari. Ukishaiweka kamera ya simu sawasawa na lenzi ya jicho, gusa Mwezi kwenye skrini, shikilia kidole hadi kipimo cha mwanga kijifunge hapo, kisha telezesha chini kupunguza mwanga mpaka kreta zijitokeze. Hapo hapo picha inageuka. Nimewaona watu wazima wakipiga kelele za furaha kwa hatua hiyo moja.

"Lazima uwe na kamera ya megapikseli nyingi, ubonyeze kwa wakati sahihi"

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu walichukua kamera za kompyuta, zile ndogo za kuzungumzia kwa video, wakang'oa lenzi yake na kuichomeka kamera mahali pa lenzi ya jicho. Zilikuwa na pikseli 640 kwa 480, yaani chini ya theluthi moja ya megapikseli. Picha za sayari zilizotoka humo zilizipita nyingi zilizowahi kupigwa kwa filamu na vyombo vikubwa zaidi.

Siri ilikuwa video. Hewa iliyo juu yetu haitulii. Matabaka ya joto na baridi yanapishana na kuupinda mwanga huku na huku. Picha moja ya kubahatisha itaangukia wakati mbaya karibu kila mara. Mwaka 1978 Mmarekani David Fried alipiga hesabu ya uwezekano wa kupata picha moja fupi iliyopita hewani bila kuharibika. Uwezekano huo ni mdogo, lakini upo. Basi unachukua fremu, yaani picha mojamoja za video, nyingi mno, unazisubiri zile za bahati.

Nikiurekodi Mshtarii, kila fremu inachukua milisekunde 10 hivi, na kwa dakika 3 nakusanya fremu 18,000. Ukiitazama video hiyo polepole, sayari inacheza kama sarafu iliyo chini ya maji ya mto. Inavimba upande, inabonyea, mikanda inayeyuka na kuwa doa moja la kijivu. Mara, kwa fremu mbili tatu, maji yanatulia. Mikanda inasimama wima na kuonyesha kingo zake zenye mikunjo, na juu yake kuna nukta nyeusi kama iliyotobolewa kwa sindano: kivuli cha Io, mmoja wa miezi minne ambayo Galileo aliiona mwaka 1610. Halafu kila kitu kinavurugika tena.

Programu ya AutoStakkert inazipitia fremu zote 18,000, inazipanga kwa ubora, na inaziweka pamoja zile bora ulizoamua kuzibakisha. Fremu 2,000 zikiwekwa juu ya nyingine, chembechembe za picha zinapungua mara 45 hivi, na ndipo unaweza kuinoa picha kwa RegiStax bila kuichubua. Zote mbili ni za bure. Muda wa dakika 3 nao si wa kubuni: Mshtarii unajizungusha mara moja kwa saa 9 na dakika 55, na ukirekodi kwa muda mrefu zaidi ya hapo undani wa katikati unaanza kufutika kwa mwendo wa sayari yenyewe.

Fokasi ndiyo kazi ngumu ya mikono. Usiitafute kwenye mikanda. Tafuta mwezi mmoja wa Mshtarii, zungusha kitufe taratibu mpaka uwe nukta ndogo kuliko zote, kisha ondoa mkono na usubiri stendi iache kutikisika ndipo uamue.

"Usiku mzuri ni ule nyota zinapometameta"

Nyota kumetameta ndiyo dalili yenyewe ya hewa iliyochafuka. Usiku wa namna hiyo unapendeza kwa macho na mashairi, lakini kwa sayari ni hasara. Picha zangu nzuri nimezipata siku ambazo jirani angesema anga limefifia, kuna utando mwepesi juu, hakuna upepo, na nyota zimetulia kama misumari.

Vurugu nyingine haiko juu, iko miguuni pako. Sakafu ya saruji, ukuta wa tofali na lami vinatunza joto la mchana na kulitoa hadi usiku wa manane. Mwaka wangu wa kwanza niliisimamisha darubini kwenye saruji mbele ya mlango kwa sababu palikuwa sawa, nikilitazama paa la jirani, na kila picha ilitoka kama imepigwa juu ya jiko. Nilipoihamishia kwenye nyasi nyuma ya nyumba, kwa kioo kilekile na kamera ileile, niliona mgawanyiko wa pete za Zohali kwa mara ya kwanza. Kama darubini ilikuwa ndani, itoe saa moja kabla ili ipate joto moja na hewa ya nje. Sisi wa pwani tuwe waangalifu zaidi: ukiitoa kwenye chumba chenye kiyoyozi, kioo kinavaa ukungu papo hapo. Usikifute. Subiri.

Na hapa kuna jambo ambalo watu wa Afrika Mashariki hatujalithamini. Wengi wanaamini kazi hii ni ya Wazungu kwa sababu huko ndiko anga ni zuri. Mwaka 2019 na 2020 Mshtarii na Zohali zilikuwa upande wa kusini wa anga. Kwa mtu wa London, Mshtarii haukupanda zaidi ya nyuzi 16 hivi juu ya upeo, ukichungulia kwenye hewa nene ya moshi na mapaa. Kwetu Tanga, nyuzi 5 kusini ya Ikweta, ulipita nyuzi 70 na ushei, karibu utosini. Kitu kilicho nyuzi 30 tu juu ya upeo kinatazamwa kupitia hewa nene mara mbili ya kilicho utosini, na kadiri kinavyoshuka ndivyo rangi zake zinavyoachana, wekundu upande mmoja na bluu upande wa pili. Mwingereza Damian Peach, miongoni mwa wapigapicha wa sayari wanaoheshimiwa sana, amekuwa akisafiri na darubini mpaka Barbados kutafuta anga la tropiki. Christopher Go yuko Cebu, Ufilipino, nyuzi 10 kaskazini ya Ikweta; mwaka 2006 ndiye aliyegundua kwamba dhoruba moja nyeupe ya Mshtarii imegeuka nyekundu. Anga wanalolifuata wao sisi tunalo juu ya uwanja wa nyumba.

"Subiri Mwezi mpevu"

Mwezi mpevu unapigwa na jua usoni moja kwa moja, vivuli vinatoweka, kreta zinalala bapa. Anza siku ya nne au ya tano baada ya mwandamo, ufuate mstari unaotenganisha mwanga na giza. Hapo jua linachomoza, na kilima cha kawaida kinatupa kivuli cha makumi ya kilomita. Kila usiku mstari unasogea na kufunua nchi mpya.

Wala Mwezi haukui unapochomoza nyuma ya minazi. Ni macho yanayodanganyika. Kamera itakupa upana uleule, hata pungufu kidogo, kwa kuwa wakati huo uko mbali nawe zaidi kuliko ukiwa utosini.

"Picha ikinolewa kwenye kompyuta ni ya kughushi"

Swali hili nalichukulia kwa uzito, kwa sababu mpaka upo. Kuchagua fremu, kuzipanga na kunoa ni kutoa kile ambacho mwanga ulileta. Lakini ukinoa kupita kiasi, Mirihi inavaa ukingo wa pili usiokuwepo, na pete za Zohali zinapata mistari ya kubuni. Kuna pia simu ambazo zikitambua duara la Mwezi zinaongeza undani ambao lenzi haikuuona. Hiyo siihesabu kuwa picha yako.

Kwa hiyo mtu akiniambia nimeitoa NASA, simbishii. Namkalisha kwenye kiti cha plastiki, tunarekodi Mshtarii pamoja, tunakunywa chai, na baada ya nusu saa tunarekodi tena. Kisha naziweka picha mbili kando kwa kando. Doa jekundu lililokuwa karibu na ukingo limesogea nyuzi 18 kuelekea katikati, na mwezi uliokuwa umeshikana na sayari umejitenga. Wengine huomba turekodi mara ya tatu.